Mkanda Uliofungwa kwa Waya

Mimi nimetoka katika ukoo wa watu wa kupima. Babu zangu walishuka kutoka Maniema na chumvi na vitambaa, wakafika Kamina, wakakaa. Tangu hapo kwetu mtoto anaweza asijue kuandika jina lake, lakini ukimwekea mkononi fungu la samaki wakavu atakuambia kama limepunjwa. Mizani ya sokoni inaweza kunidanganya. Mkono wangu, hapana. Nasema mapema ili usije ukaniuliza baadaye nilijuaje, maana watu wa siku hizi wanataka ushahidi wa kila kitu.

Mume wangu alikuwa Muluba, Mkatoliki, mtoto wa wakulima wa hapo hapo Kamina. Ndugu zangu hawakumtaka. Walisema huyu hana biashara, hana dini yetu, na kazi yenyewe ni kazi gani ya kuingia majini kama fisi maji? Alikuwa mzamiaji. Alijifunza ujanani kwenye bwawa la kuogelea la kambi ya jeshi, kisha akaajiriwa na kampuni ya usafiri wa mtoni kule Bukama, mahali ambapo reli inakutana na mto Lualaba. Aliteremka chini ya vyombo vya chuma, akatoa nyavu zilizojisokota kwenye propela, akaziba matundu, akakagua nguzo za daraja. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa mnene na mpole, na alipocheka alicheka na tumbo zima. Nikaolewa naye, na ndugu zangu wakanuna mpaka wakachoka.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kuhusu kazi yake ni kwamba mtu hazami kwa kutaka tu. Maji yanamkataa, hasa akiwa na mwili kama wake na fulana nene ya mpira ya kuzuia baridi. Ndiyo maana wazamiaji wanavaa mkanda wa uzito, mukaba, kama tunavyouita huko kwetu. Wake ulikuwa na vipande vya plombi, ile metali nzito ya kijivu ambayo wavuvi wanaitia kwenye nyavu ili zizame. Aliiyeyusha mwenyewe kwenye sufuria yangu, akaimimina kwenye mchanga, na nyumba nzima ikanuka. Nilipiga kelele siku ile hata majirani wakaja kuangalia nani amekufa. Akacheka, akaninunulia sufuria nyingine.

Uzito wenyewe, alisema, ni lazima uwe sawasawa. Ukiwa mwepesi, maji yanakutupa juu na kazi hujaimaliza. Ukiwa mzito, unakaa kutwa unapigana: unapiga miguu ovyo, unatifua tope mpaka huoni hata kiganja chako, unahema kwa nguvu, na hewa ya ile chupa ya chuma ya mgongoni inaisha kabla ya wakati. Mzamiaji aliyepimwa vizuri hana haja ya kupigana. Akivuta pumzi anapanda kidogo, akiitoa anashuka kidogo, na kati ya hayo mawili anatulia palepale anapotaka, amelala ndani ya maji kama mtu kitandani kwake. Siku hizo hawakuwa na yale makoti ya kujaza hewa waliyovaa wazungu. Walikuwa na mapafu yao na ule mkanda tu.

Tena wanapima na chupa iliyokaribia kuisha, si iliyojaa. Nilimwuliza sababu. Akasema hewa ina uzito, chupa ikiisha inakuwa nyepesi, na ukijipima na chupa iliyojaa utakuja kupaa mwisho wa kazi, pale unapotaka kupanda polepole. Nikamwambia aende zake, hewa gani ina uzito? Akaniwekea chupa mbili mikononi, moja imejaa na nyingine tupu. Mkono wangu ukaniambia anasema kweli, na nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimeshamcheka mbele ya watu.

Lakini desturi yao kubwa ilikuwa hii: mtu hajipimi mwenyewe. Mwenzake ndiye anayempima. Walisema mtu mwenye hofu anajiongezea uzito ili ashuke upesi, na mwenye majivuno anajipunguzia, na wote wawili wanajidanganya. Kwa hiyo wanasimama wawili majini, mmoja anaelea wima bila kupiga miguu, kifua kina pumzi, mwenzake anatazama maji yanamfikia wapi usoni. Yakiwa kidevuni, yeye ni mwepesi, aongezwe kipande. Yakipita kichwa, ni mzito, apunguzwe. Yanatakiwa yasimame kwenye macho, na akitoa pumzi azame taratibu.

"Mayi iko wapi?" mume wangu alikuwa anauliza.

"Mayi iko ku macho," mwenzake anajibu.

"Bon. Nashuka," mume wangu anakubali.

Mimi nilikuwa nakuja Bukama kwa treni na bidhaa zangu, nakaa ukingoni juu ya gunia la chumvi, nawatazama wanaume wawili wakubwa wanavyokodoleana macho ndani ya mto. Nilicheka mpaka machozi. Mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa nimefunga na midomo imekauka, mume wangu alinipigia kelele kutoka majini: "Weye mama, ukifunga hivi nitakupunguza plombi!" Nilimrushia ganda la muhogo. Hizo zilikuwa siku zetu nzuri, na wala hatukuzijua.

Kisha miaka ya tisini ikatuangukia. Kampuni ilianza kufa kidogokidogo, kama mgonjwa ambaye hakuna anayetaka kusema kwamba anakufa. Mishahara ikakatika. Vyombo vikatia kutu ukingoni. Mwenzake wa kuzamia, yule wa kumpimia, akavuka kwenda Zambia na hakuonekana tena. Tulirudi Kamina, tukalima muhogo nyuma ya nyumba ya wazazi wake, na treni ikawa inakuja ikitaka. Biashara yangu inategemea treni. Tukala bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, mboga ikiwa sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na siku nyingine bukari yenyewe haikuonekana. Vita ya kwanza ilipita, watu wakasema sasa tutapumua. Ikaja ya pili.

Mume wangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Lile tumbo lililokuwa linacheka liliondoka kwanza, kisha mashavu, kisha mapaja. Usiku mgongo wake ulinichoma kwa mifupa. Nilikuwa nampa sehemu yangu nikimdanganya kwamba nimekula sokoni, na yeye alikuwa anawapa watoto sehemu yake akinidanganya kwamba amekula shambani. Wajinga wawili.

Basi siku moja askari walishuka kwenye treni, wakauliza nyumba ya mzamiaji. Sitasema ni askari wa nani. Wakati ule walipita wengi, na kwenye chungu cha mtu wote walitia mkono uleule. Chombo chao kilikuwa kimezama Bukama na masanduku, na mkubwa wao, komanda, aliyataka masanduku. Hakusema yana nini, na hakuna aliyemwuliza. Mume wangu alisema mwenzake wa kazi hayupo, na mtu hajipimi mwenyewe. Komanda akamwambia achague, mtoni au ukutani mbele ya bunduki.

Ndipo nikasema, "Minyi njo nitamupima."

Askari wakacheka. Mume wangu hakucheka. Aliitazama mikono yangu, akasema sawa, huyu anajua. Tuliwaacha watoto kwa mama mkwe wangu, tukapanda behewa pamoja na askari, mkanda wake ukiwa ndani ya kikapu changu cha samaki. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na hasira zaidi, na hasira ilinisaidia kukaa wima. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: mtu huyu ateremke na apande.

Asubuhi tuliingia mtoni pale kwenye gati la zamani. Mimi sijui kuogelea, na Lualaba ina mamba. Nilijifunga kitenge vizuri, nikaingia mpaka maji yakafika kifuani. Yeye alivaa chupa kuukuu iliyobaki na hewa kidogo, ya kupimia tu, na ule mkanda wake wa siku za unene wake. Fulana ya mpira ilikuwa imechakaa na kuwa nyembamba kama kitambaa. Akavuta pumzi, akakunja miguu isiguse chini.

Alizama moja kwa moja. Kifua kimejaa hewa, na bado alizama kama mchi, ikabidi nimkamate nywele. Ndipo nilipoelewa njaa ilikuwa imefanya nini. Mafuta yaliyokuwa yanamfanya aelee yalikuwa yameisha, na plombi ilikuwa ileile.

Nikaanza kutoa vipande. Nilitoa kimoja, akazama. Nikatoa kingine, maji yakapita kipaji cha uso. Mkanda nao ulikuwa unamzunguka kiunoni na kumteremkia, ikabidi auvute mpaka mwisho wa matundu. Nilikuwa nalia na kutoa, nalia na kutoa, na yeye ananiambia, "Pole pole, mama. Angalia vizuri." Hatimaye alitulia. Maji yalisimama chini kidogo ya nyusi zake, macho yake yananitazama kupitia miwani, akatoa pumzi akashuka taratibu, akavuta akapanda taratibu. Alikuwa sawasawa. Nilikuwa nimempima mume wangu, na nilijua sijakosea. Akashika bega langu, akainua mdomo juu ya maji.

"Mayi iko wapi?" akauliza.

"Mayi iko ku macho," nikasema.

Kabla hajajibu, komanda alisimama ukingoni.

"Juu ya nini unatosha ile vyuma?"

Nikamweleza kwa nini navitoa vipande. Nilimweleza kwa heshima, Mungu anajua, nikamwita papa, yaani baba, nikamwonyesha kwa mikono. Hakunisikiliza. Fundi wake wa injini alikuwa ametoroka juzi yake kwa kuogelea, na kichwani mwake hakukuwa na jambo jingine. Akasema, "Unamufanya mwepesi juu akimbie. Muntu mwepesi anakimbia." Akaamuru tusogee ukingoni na vipande vyote virudishwe. Kisha akaona kile kifungo cha mkanda.

Kifungo kile ni cha kuvuta mara moja kwa mkono mmoja, na mkanda unaanguka. Kimetengenezwa hivyo makusudi. Mzamiaji akikwama, akiishiwa hewa, akizidiwa, anavuta kifungo, plombi inabaki chini na yeye anarudi juu. Hata wakivaa vitu vingine, mkanda unavaliwa mwisho, juu ya kila kitu, ili usizuiwe na chochote. Komanda alikivuta, mkanda ukaanguka miguuni pa mume wangu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekamata mwizi. Akaagiza waya, ule wa kufungia mizigo kwenye mabehewa. Wakamvalisha mkanda tena, wakakizungushia kifungo waya na kuukaza kwa koleo. Kamba ya kumshikilia wakaifunga kwenye mkanda huohuo, kama ya mbuzi.

Nikapasuka. Nilimwita komanda majina ambayo mama yangu angeniosha mdomo kwa sabuni kwa kuyasema. Nikamwambia wewe huvui samaki, unamfunga mtu jiwe! Mmoja wa askari akanipiga kitako cha bunduki begani, nikaanguka majini nikanywa Lualaba. Bega hilo mpaka leo mvua ikikaribia linanijulisha. Nilipoinuka mume wangu alikuwa ananitazama. "Nyamaza, mama," akasema. "Watoto bado wanakungoja." Hakusema wanatungoja. Nililisikia neno lile na nililielewa.

Wakampeleka kwa mtumbwi hadi kwenye pantoni iliyofungwa juu ya chombo kilichozama. Nami wakanipeleka, ili aone wamenishika. Chupa sasa ilikuwa iliyojaa, na uzito wake ukaongezeka juu ya ule mwingine. Kulikuwa na kamba mbili, moja ya masanduku na moja yake. Akivuta mara tatu kwa nguvu, apandishwe, walikubaliana hivyo. Akaketi ukingoni mwa pantoni, akatia mdomoni kile kipande cha kupumulia, akajiachia. Hakushuka kama anavyoshuka. Alipotea.

Mwanamke aliyekaa ukingoni miaka mingi anajua kusoma mapovu. Mume wangu akiwa vizuri, mapovu yake yalikuja kwa mafungu, fungu moja, kisha kimya, kisha fungu jingine. Siku ile yalikuja mfululizo kama maji yanayochemka. Alikuwa chini kwenye tope anapigana. Sanduku la kwanza likapanda. Likaja la pili, na mapovu bado mfululizo. Nikamwambia komanda, papa, hewa inamwishia, mvuteni. Akasema masanduku bado.

Kisha kamba yake ikatikisika. Mimi niliiona. Askari aliyeishika aliiona. Alikuwa kijana wa Kiluba, wa huku huku, na alimgeukia komanda akasema, "Komanda, anavuta." Komanda akasema aiache, atamaliza kwanza. Kamba ikatikisika tena. Nikapiga magoti kwenye mbao zile. Sikuomba kwa Kiarabu cha baba yangu wala kwa misa ya mume wangu. Nilisema tu jamani, jamani, jamani. Mapovu yakapungua. Kisha hayakuja.

Ndipo komanda akasema vuta.

Kijana akaanza kuvuta, na nilijua kabla kitu hakijatokeza. Nilitazama mikono yake na mgongo wake. Mtu anayevuta mwili wa mtu anajikunja. Yeye alivuta amesimama. Kamba ile ilikuwa na plombi tu.

Mkanda ukatoka majini, mtupu. Vipande vyote vilikuwepo, waya umekazwa vilevile, kifungo kimefungwa, na duara lake zima halijakatika popote. Ulining'inia mbele yetu, unadondosha maji.

Kisha yule kijana akaachia kamba kana kwamba imemwunguza. "Mamba-muntu," akasema. "Njo yee alimukamata." Watu wote wa mto ule wanamjua mamba-muntu, yule mwanamke wa majini anayewachukua watu, na kila askari aliyezaliwa karibu na Lualaba alielewa palepale. Nani mwingine anaweza kumtoa mtu kwenye mkanda uliofungwa, bila kuufungua? Walianza kurukia mitumbwi. Komanda alifyatua bunduki majini mara kadhaa, akawatukana, akatishia, lakini hata yeye hakuugusa mkanda. Jioni haijafika walikuwa wameondoka na masanduku yao mawili.

Wakaniacha. Nani anataka mke wa mtu aliyechukuliwa na mamba-muntu? Niliuchukua mkanda kwa sababu ulikuwa wake, na kwa sababu mimi siamini habari za mamba-muntu, au siku ile niliamua kutoamini. Wavuvi waliniambia niende upande wa Katoto, maji huwarudisha watu huko. Waliposema watu walikuwa na maana ya maiti. Nikaufunga mkanda kwenye kitenge, nikajitwika, nikafuata ukingo. Nilitembea nikilia, na shingo inaniuma. Njiani kichwa kilikuwa kinarudia jambo moja: ametokea wapi? Amepitaje? Nilikuwa nautua, nautazama, najitwika tena.

Huko Katoto, mwanamke mmoja aliyekuwa anabanika samaki aliniona na bega lililovimba na ule mzigo. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya vichanja vyake, kwenye moshi, akafunua mkeka.

Alikuwa hai. Amelala kifudifudi, na kutoka kiunoni mpaka kwenye nyonga hakuwa na ngozi.

Niliketi chini. Sikuweza kumgusa, sikujua pa kumgusa. Alinieleza kwa vipande, siku zile na nyingine zilizofuata. Alitua kwenye tope mpaka magotini. Kila alipotaka kuinuka kidogo ilibidi ajaze mapafu yote, na hewa ikaisha upesi. Alivuta kamba, akavuta tena. Alishika kifungo, akakuta waya. Chupa ikaanza kuwa ngumu kuvuta, kama mtu anayenyonya mfupa. Ndipo akatoa hewa yote iliyokuwa kifuani, akalikunja tumbo mpaka likagusana na mgongo, akaushika mkanda kwa mikono miwili na kuusukuma chini. Uliganda kwenye nyonga. Akausukuma hivyohivyo, na ngozi ikaenda nao. Akatoka kama mguu unavyotoka kwenye kiatu. Bila plombi maji yakamchukua juu, na yeye akawa anapuliza njia nzima ili mapafu yasipasuke, mpaka akatokeza chini ya mafunjo yanayoelea. Alikaa humo, pua tu ikiwa nje, akasikia bunduki. Kisha akajiachia kwa mto.

Akamaliza kueleza, kisha akasema kitu ambacho wakati ule nilidhani ni mzaha wake wa zamani.

"Kama ningekuwa munene, mama, ningekufwa."

Tulijificha Luena kwa jamaa zake mpaka askari wale walipohamishwa. Tukarudi Kamina. Vita ikaisha, au wakatuambia imeisha. Treni zikaanza kusikika, nikapata tena samaki wa Bukama, nikapika. Mwenzenu nilipika! Nilipika bukari nyeupe, kambale kwa mafuta ya mawese, sombe iliyotwangwa na karanga. Niliapa kulirudisha lile tumbo. Nikamwekea sahani, akala nusu, akaisukuma.

Nilidhani ameshiba. Kesho akala nusu. Kesho kutwa nusu. Miezi ikapita, mwaka ukapita, watoto wakanenepa, mimi nikanenepa kwa kumaliza sahani zake kwa hasira, na yeye alibaki vilevile. Majirani walisema namnyima chakula mume wangu kwa sababu si wa dini yangu. Ningewapasua. Nilimgombeza, nilimbembeleza, nilimwita padri wake. Alinijibu kwa upole: "Weye unafungaka mwezi moja. Minyi nafunga siku yote."

Ndipo nikagundua habari ya Jumapili. Kila Jumapili akitoka misani alijifungia chumbani. Siku moja nilisukuma mlango. Alikuwa amevua shati, ameutandika ule mkanda sakafuni, waya wake umeanza kushika kutu, amesimama katikati ya duara. Akauinua polepole, ukapita mapaja, ukakwaruza nyonga pale penye makovu, ukafika kiunoni. Akaushusha tena. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa.

Nilikimbia nikaleta koleo. Niliukata waya ule mbele yake, nikaufumua wote, nikavuta kifungo, mkanda ukafunguka kwa urahisi kabisa. Nikamwambia tazama, baba ya batoto, umekwisha, umefunguka, hakuna anayekufunga, njoo mezani ule kama mtu.

Aliuokota ule waya uliokatika, akaugeuzageuza. Hakukasirika.

"Batapata waya ingine," akasema.

Niliweka koleo sakafuni. Maana walipata; miaka ile haikukosekana vita upande mmoja au mwingine, na nilipokuwa nasema imekwisha mimi mwenyewe sikuwa naamini. Alikuja kwenye meza kwa kunihurumia. Alikula nusu.

Ugonjwa ulipokuja haukuwa mkubwa. Ilikuwa homa tu, ambayo mtu mwenye nyama mwilini angeilalia siku chache na kuinuka. Muuguzi alisema hana akiba. Mimi nikamwambia muuguzi, unaniambia mimi? Nilimlisha uji kwa kijiko, na hata kijiko alikifungia meno kikiwa nusu. Nilimtukana nikilia, mkaidi wewe, unaniacha kwa ajili ya mkanda.

Asubuhi ya mwisho alitaka nimgeuze. Nilitia mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya magoti, nikamwinua peke yangu, mwanamke mtu mzima mwenye bega bovu. Mkono wangu ukaniambia uzito wake. Sitausema. Alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yaleyale ya ndani ya miwani, pale gatini, kabla komanda hajafika.

"Mayi iko wapi?" akauliza.

Nilitaka kumwambia hapana, bado, wewe ni mwepesi mno, hujapimwa. Lakini mtu hajipimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa mpimaji wake.

"Mayi iko ku macho," nikasema.

"Bon," akasema. "Nashuka."

Nilimshikilia hivyohivyo mikononi mpaka watoto walipokuja kuniambia nimlaze.